Mwenyeji ni Yule Ambaye Hajafika

Nchi ya Jiwe iko chini ya bahari, na nimeshaulizwa mara nyingi mno nilifikaje huko. Nilifika. Anayetaka zaidi ya hapo ataishia kujua habari za safari, nami nataka ajue habari za watu.

Watu wa Jiwe hawatembei. Kila mmoja amejibandika kwa gundi inayotoka mwilini mwake mwenyewe, mgongo chini, mikono juu, na amejijengea ukuta wa chokaa kuanzia kiunoni hadi mabegani. Ukuta una mlango juu yake. Mikono yao ina manyoya marefu, na kwa mikono hiyo wanapepeta maji mchana kutwa na kukamata chakula kinachopita. Wakishiba wanaikunja na kufunga mlango. Hiyo ndiyo kazi yao, ndiyo mapumziko yao, na kwa kadiri nilivyoona, ndiyo siasa yao pia.

Wanasalimiana hivi:

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Kaa zaidi."

Niliposalimiwa mara ya kwanza nilijibu kwamba nimesimama, kwa sababu nilikuwa nimesimama. Mtaa mzima ukafunga milango. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na miguu yangu alifungua wake kidogo akaninong'oneza, "Mama, neno hilo halitamkwi mbele za watu. Sema umekaa."

"Lakini unaniona nimesimama."

"Nakuona. Sema umekaa."

Nikasema nimekaa. Milango ikafunguka. Huyo mwanamke ni Bi Tulia, na ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu, kama mtu asiyeweza kusogea kukupisha wala kuinuka kukuchotea maji anaweza kuitwa mwenyeji. Alikuwa mtu mwema. Alinipa nafasi ya kuegemea ukuta wake na hakunichoka kwa maswali yangu, ingawa majibu yake mengi hayakunisaidia.

Mtu pekee mwenye miguu katika nchi ile ni afande Gamba, na kwa hiyo ndiye polisi. Anaishi ndani ya kombe alilolikuta halina mtu, analibeba mgongoni kila aendako, na mbele ana gando moja kubwa kuliko kichwa chake. Alinijia mbio.

"Umekuja na chombo, mama?"

"Chombo gani?"

"Chochote. Umepanda kitu, au umeelea mwenyewe?"

Nilikuwa na mfuko wa plastiki niliofungia nguo. Aliuona, akaunyooshea gando, sura yake ikabadilika kabisa. "Samahani sana, mheshimiwa," alisema, akapiga saluti. "Mwekezaji. Karibu Jiwe."

Sikuelewa, nikamuuliza Bi Tulia. Alinieleza kwamba anayekuja nchini akiwa amejibandika kwenye kitu, iwe chupa, kipande cha boya au tumbo la meli, huyo ni mwekezaji na hapewi usumbufu. Anayekuja kwa mwili wake mwenyewe ni mtu wa maji, na huyo hukatazwa kukaa. Kulikuwa na ukoo mmoja pale uliofika zamani juu ya ndala ya buluu. Waliitwa Watu wa Ndala. Walipewa upande wa jiwe unaopata mkondo mzuri, wakazaana, wakajenga juu ya kuta za wenzao mpaka baadhi ya wenzao wakakosa pa kufungulia mlango na kufa humo ndani. Kwenye mazishi yao, Mwenyekiti wa Jiwe alisema marehemu wamekuwa msingi wa maendeleo.

"Na hakuna aliyelalamika?" niliuliza.

"Nani alalamike, mama? Wamekuja na ndala."

Nimelea watoto wanne na najua sauti ya mtu anayerudia kitu alichofundishwa. Ukibishana naye unachoka wewe.

Kisha ikafika Siku ya Kuachia. Mwezi umejaa huko juu, maji yamekuja na nguvu, na tangu asubuhi watu walikuwa wakiulizana habari kwa furaha. Mara akina mama wote wa Jiwe wakafungua milango kwa pamoja, na kutoka ndani ya kila mmoja yakatoka mawingu ya watoto. Nilidhani kwanza ni moshi. Walikuwa watoto wadogo wadogo, wenye miili kama kioo, kila mmoja na tone la mafuta ya njano tumboni. Mkondo ukawachukua. Akina mama wakapunga mikono yenye manyoya mpaka wa mwisho akapotea, kisha wakaanza kuzungumzia chakula.

Nilimwinamia mwenyeji wangu. "Bi Tulia, wale ni watoto wako?"

"Wangu wale waliopita hapo kati. Wazuri, eti?"

"Wanakwenda wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu wa huko wanakokwenda."

"Unawafahamu?"

"Nitawafahamu wapi mimi, na nimekaa hapa? Lakini ni watu, mama. Mtu mzima amwone mtoto mdogo amechoka, amejiendea peke yake njia yote hiyo, halafu asimpishe? Haiwezekani." Akacheka kidogo kwa jinsi nilivyomtolea macho. "Wewe nawe una wasiwasi."

Mimi sijawahi kumtuma mtoto dukani bila kujua nani yuko dukani. Lakini sikupata muda wa kumwambia hivyo, kwa sababu mkondo uleule uliochukua watoto wao ulikuwa sasa unaleta wengine. Walikuja kutoka upande wa pili, wamechoka, wadogo wadogo, wenye miili kama kioo. Jiwe zima likapiga kelele.

"Watu wa maji! Watu wa maji! Funga! Gamba! Gamba uko wapi?"

Afande Gamba akaingia kazini kwa gando lake. Wale waliokuwa karibu na ukingo waliwapepeta wageni kwa mikono ileile waliyopunga dakika chache kabla. Sitaficha nilichokiona: wengine waliliwa. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna aliona nimemtazama, akaniambia bila aibu, "Kinachopita mbele ya mlango wangu ni chakula, mama."

Nilimgeukia Bi Tulia. "Hawa wanafanana na wale."

"Wapi na wapi!"

"Mwili uleule. Mafuta yaleyale."

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. "Mama, wetu wanaenda. Hawa wanakuja."

Mpaka leo nikilifikiria neno lile naona lina kasoro mahali fulani, lakini yeye alilisema kwa utulivu kiasi kwamba mimi ndiye niliyejiona sijui kitu.

Kelele zilipotulia nilihisi kitu kinatekenya kwenye pindo la kanga yangu. Nilifunua. Alikuwa mmoja wao, mtoto wa kike, ananienea kiganjani, amejikunja.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Sijakaa bado, kwa hiyo sina jina. Njiani walikuwa wananiita Elea."

Mwili wake ulionyesha kila kitu kilichokuwa ndani. Tone la mafuta aliloondoka nalo kwao lilikuwa limebaki kiasi cha kupaka kidole kimoja.

"Hayo mafuta ndiyo chakula chako?"

"Alinifungia mama yangu. Alinipa ya njia nzima. Njia ndiyo imekuwa ndefu."

"Na yakiisha?"

Alitazama chini. Chini ya Jiwe kulikuwa na tope laini kama uji, limeenea pande zote hadi mwisho wa macho, na hapakuwa na jiwe jingine karibu. Juu ya tope niliona vitu vinang'aa kama vioo vidogo. Sikuhitaji kuambiwa ni nini.

"Ulijuaje kuja hapa?" niliuliza. "Unajua kuogelea?"

"Mbele siwezi, nyuma siwezi. Najua kupanda na kushuka tu. Ukipanda, kuna mkondo unaokwenda huku. Ukishuka, kuna unaokwenda kule. Basi unachagua. Wenzangu wengi walichagua vibaya." Aliinua kichwa akanusa. "Halafu nilisikia harufu. Hapa kuna mtu ananukia kama mimi. Mahali ambapo mtu wa aina yangu ameweza kuishi, na mimi nitaweza. Sikuambiwa na mtu. Najua tu."

"Nani ananukia kama wewe?"

Alinyoosha mkia wake mdogo kuelekea kwa Bi Tulia.

Kando ya Bi Tulia palikuwa na nafasi wazi. Aliyekuwa hapo, marehemu Kombe, alikuwa ameliwa na mnyama wa mikono mitano anayefungua milango kwa kuvuta taratibu mpaka mwenye nyumba achoke. Tangu siku hiyo Bi Tulia alikuwa akipigwa na mkondo ubavu mmoja peke yake, na gundi yake upande ule ilikuwa imeanza kuachia. Alikuwa ameshaniambia kwamba bila jirani hapo, mkondo mkubwa ukija utamng'oa. Kwa hiyo jambo lilikuwa rahisi. Mtoto anahitaji mahali, mahali panahitaji mtu, na Bi Tulia anahitaji ubavu wake ufunikwe. Nilidhani litakwisha kabla mtu hajamaliza kula.

Afande Gamba akamwona mtoto, akapeleka malalamiko, na Baraza likaitwa.

Kuitwa kwake si kazi, kwa kuwa wote wako pale pale. Mwenyekiti ni Mzee Kitako, na alipata cheo hicho kwa sababu hakuna anayekumbuka amewahi kubadilisha chochote, iwe mahali au maoni. Msemaji wa sheria ni Bwana Chokaa, mtu mwenye ukuta mnene kuliko wote na sauti inayotoka ndani kabisa. Nilimweka Elea mbele yao juu ya kiganja changu. Afande Gamba akasimama karibu, gando tayari.

"Umetoka wapi?" Mzee Kitako aliuliza.

"Majini, mzee."

"Kabla ya majini?"

"Jiweni."

"Jiwe lipi?"

"Sijui, mzee. Niliondoka siku niliyozaliwa."

"Linaweza kuwa hili?"

"Linaweza."

Watu walicheka mpaka maji yakatibuka. "Kwa hiyo baba yako ni mimi, siyo?" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Kwa uso huo," jirani yake akamjibu, "huwezi kukataa!" Wakacheka tena. Mimi niliwatazama wote wawili, nikamtazama Elea, na kusema kweli huyo jirani hakuwa amekosea sana.

Bwana Chokaa akaomba utulivu. "Sheria ya kwanza ya Jiwe inasema hivi: mwenyeji ni yule ambaye hajafika. Huyu amefika. Tumemwona anafika. Kwa hiyo si mwenyeji."

"Na ninyi mlifikaje?" niliuliza.

"Sisi hatukufika, mheshimiwa mwekezaji. Jiwe lilitoka jasho, jasho likaganda, likawa sisi."

"Nani aliliona?"

"Hakuna aliyeliona. Ndiyo maana hakuna anayelipinga."

Watu waliitikia kwa kupepeta. Bwana Chokaa akaendelea. "Sheria ya pili: nafasi iliyo wazi ni ya mwenyeji. Wenyeji wote wana nafasi zao. Kwa hiyo nafasi iliyo wazi si ya mtu, na ni lazima ilindwe."

"Ilindwe dhidi ya nini?"

"Dhidi ya kujazwa."

Nilimwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno. Nilihesabu kwa macho nafasi zilizokuwa wazi mtaani mwao, zikanishinda. "Bwana Chokaa," nilisema, "kila mwaka mnakufa. Watoto wenu wote mnawaachia waende. Wanaokuja mnawala. Hili jiwe litabaki na nani?"

"Litabaki na wenyeji."

"Wepi?"

"Ambao hawajafika."

Nilikumbuka kwamba nina mtoto wa watu mkononi, nikamtazama. Tone la mafuta lilikuwa limepungua tena. Mkia wake, uliokuwa ukichezacheza muda wote, sasa ulikuwa unasogea mara mojamoja.

Nikajaribu njia nyingine. Nilimwambia Elea kwa sauti ya chini, "Shika mfuko wangu. Jibandike hapo tu, uonekane umekuja nao."

"Nimesikia," alisema afande Gamba. "Haitawezekana, mheshimiwa. Nimeshamwona bila mfuko. Siwezi kuacha kuona nilichokiona."

"Unaweza kufumba macho."

"Macho yangu hayana kope."

Hilo lilikuwa kweli. Niliona Bi Tulia anataka kusema. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. "Mzee Kitako," alisema, "mimi nilikuwa naomba tu. Ubavu wangu unalegea. Kama mtoto huyu angekaa hapo kwa muda, huku mnajadili..."

"Bi Tulia," Mzee Kitako alimkatiza kwa upole, "hakuna kukaa kwa muda. Ukikaa umekaa. Ndiyo heshima yetu hiyo."

"Basi mkondo ukining'oa?"

"Tutakukumbuka ukiwa umekaa."

Bi Tulia akafunga mlango.

Mjumbe mmoja akapendekeza iundwe kamati ndogo ikaikague nafasi yenyewe. Ikakubaliwa kwa kauli moja. Kisha ikaonekana kwamba hakuna mjumbe anayeweza kwenda kukagua kitu chochote. Wakasema aende afande Gamba peke yake, kama kamati. Bwana Chokaa akasema afande Gamba ndiye mlalamikaji na hawezi kuwa kamati ya malalamiko yake. Mwingine akauliza kama afande Gamba mwenyewe ni mwenyeji, ikizingatiwa kwamba anaingia na kutoka. Hapo afande Gamba akakasirika sana, akasema nyumba yake ameikuta hapahapa, na aliyekuwa ndani yake alikuwa mwenyeji halisi. Mabishano yakahamia kwenye kombe la Gamba: je, mtu anaweza kurithi uenyeji kwa kuingia ndani ya nyumba ya maiti? Walilichangamkia jambo hilo kuliko nilivyowahi kuwaona wakichangamkia chochote. Afande Gamba aliwageukia wote, akitetea mgongo wake.

Elea akasema, kwa sauti ambayo karibu sikuisikia, "Mama, samahani. Nadhani yameisha."

Nilitazama tumboni mwake. Pale palipokuwa na njano palikuwa na maji tu.

Sikufikiri sana. Nilimchukua, nikapiga hatua, nikambandika pale palipokuwa pa marehemu Kombe, ubavuni mwa Bi Tulia, na nikamkandamiza kwa vidole viwili kama unavyomshikilia mtoto anayegoma kunywa dawa. Alinusa jiwe. Akajigeuza, mgongo chini. Nilihisi gundi inatoka na kushika, moto kidogo, na kidole changu nusura kibaki humo.

Kilichofuata sikukitarajia. Mkia wake ulirudi ndani ya mwili na kuyeyuka. Macho yakazama. Sehemu ile ya kichwa iliyokuwa iking'aa, ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa imeweka mikondo yote na njia zote za kupanda na kushuka, ikafifia, mwili ukaimeza kama chakula. Na kweli kilikuwa chakula. Ndicho kilichombakiza hai, kwa kuwa akiba nyingine hakuwa nayo. Chokaa ikaanza kujitokeza kumzunguka, laini bado, nyeupe kama ukucha.

Nilishikwa na hofu. "Bi Tulia! Nimemfanya nini? Anajila mwenyewe!"

Bi Tulia alichungulia. "Usiogope. Ndivyo inavyokuwa. Kwanza unahisi baridi, halafu unasahau kilichokuwa kinakusumbua, halafu unasikia njaa."

"Umejuaje?"

Manyoya ya mikono yake, ambayo hayakuwa yamesimama tangu nimfahamu, yalisimama. Alimtazama mtoto. Akanitazama mimi. Kisha akatazama kule mkondo ulikokuwa umeelekea asubuhi, na akakaa akitazama huko muda mrefu.

Afande Gamba aligundua wa kwanza. Alipiga kelele, na Baraza likaacha habari za kombe lake.

"Mzee, nafasi imejazwa!"

"Na nani?"

"Na... na mtu, mzee."

Wote wakageuza mikono upande wetu. Pale palipokuwa wazi palikuwa na ukuta mpya mdogo, mlango juu, na mikono miwili mifupi yenye manyoya ya kwanza ikipepeta kwa pupa.

"Wewe ni nani?" aliuliza Mzee Kitako.

"Mimi ni wa hapa," alijibu. Sauti haikuwa ile. Ilikuwa imekauka na kupata uzito, na ilikuwa na ile namna yao ya kuvuta maneno.

"Ulifika lini?"

"Kufika ndiyo nini?"

Mnong'ono wa kuridhika ukapita Jiwe zima. "Lafudhi ni ya hapa," alisema Mzee Kitako.

"Na swali alilouliza," Bwana Chokaa aliongeza, "ndilo analouliza mwenyeji. Mtu wa maji angejitetea."

"Lakini ni yeye!" afande Gamba alilalamika. "Ndiye yule yule! Mlimwona, mzee, wote mlimwona!"

"Tulimwona mmoja aliyefika," alisema Bwana Chokaa. "Huyu hajafika, na amesema mwenyewe. Kwa hiyo si yeye. Hata hivyo afande ana hoja. Kuna mtu alifika leo mbele ya macho yetu, na aliyefika ni lazima aondolewe, la sivyo sheria itakuwa imevunjwa. Aliyefika yuko wapi?"

Wakatazamana. Nilisubiri kwa hamu kuliko wao, kwa kuwa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeelewa swali.

Elea akanyoosha mkono wake mpya. "Si yule pale? Amesimama."

Jiwe zima likanigeukia.

Nilikusudia kukasirika, sikupata pa kuanzia. Nilikuwa nimetaka akae, na alikuwa amekaa. Nilikuwa nimetaka apate watu, na alikuwa amewapata, na alikuwa akisema kama wao, na asingeweza kusema kama wao kisha asiseme hivyo. Nilimtazama usoni ili nione kama kuna chochote kilichobaki cha yule aliyenipa shikamoo. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuzibia mwanga.

"Mimi ni mwekezaji," nilisema, na nikaona aibu kulisema.

"Mfuko wako uko wapi?" aliuliza afande Gamba.

Niliugeukia. Watoto wa Watu wa Ndala walikuwa wameshajibandika juu yake pande zote, wamejenga, wanakula. Bwana Chokaa alitamka kwamba mfuko ni sehemu ya nchi sasa, na kwamba mimi, nikiwa sina chombo, ni mtu wa maji wa kawaida. Mzee Kitako aliuliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Ulikuwa uamuzi wa haraka kuliko yote niliyoyaona pale, na nadhani waliufurahia kwa sababu uliwafanya wote wawe sahihi, pamoja na afande Gamba.

Akanishika kwa gando kwenye pindo la kanga. Si kwa ukatili. Alisema ananisindikiza tu.

Tulipopita kwa Bi Tulia, mlango wake ulikuwa wazi kidogo, kiasi cha sauti.

"Mama," alisema. "Ukikutana na wangu huko njiani..."

"Nitawajuaje?"

"Hutawajua."

"Basi niwaambie nini?"

Alifikiri. Ubavu wake wa kushoto, uliokuwa ukitikisika tangu nifike, ulikuwa umetulia, umeegemea ule ukuta mdogo mpya.

"Waambie wakae upesi. Wakae kabla hawajaulizwa kitu."

"Jirani," Elea alisema kutoka upande wa pili, "unaongea na nani?"

"Na maji tu," alisema Bi Tulia, na akafunga.

Nilipanda. Kwenye mkondo wa juu niliwakuta, wengi kuliko ninavyoweza kusema, wa kwake na wa wengine na wa majiwe nisiyoyajua, wote wamefanana, kila mmoja amebeba njano yake tumboni. Niliwaambia mmoja mmoja mpaka sauti ikaniisha. Wengi walikuwa wameshapita kabla sijamaliza sentensi. Mmoja aling'ang'ania kidole changu, akaniuliza kama mimi ni mama yake.

Nilimwambia aache maswali, asipoteze mafuta, ashuke kidogo apate mkondo wa chini. Huko kuna jiwe, nilimwambia, na juu yake kuna mtu ananukia kama wewe.